Mlango wa Mninga wa Bi Kalunde

Mdai wa kweli huanza na alichopokea. Ndivyo alivyosema Mama Kashindye asubuhi ya leo pale bombani, watu wawili walipokuwa wakivutana juu ya deni la magunia, na nyinyi mkacheka mkidhani kachanganyikiwa. Mlisema mtu akienda kudai hutaja anachodai, alichokwisha kupokea cha nini? Sasa mmekuja kuniuliza mimi. Mmefanya vizuri, maana watu hupenda kusema methali zote zimetoka kwa wahenga, na wahenga hao hakuna aliyewaona. Hii aliyeisema namjua kwa jina. Aliisema siku ya Jumatano kabla ya saa sita mchana, nami nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake. Endeleeni kupukuchua mahindi, mikono ifanye kazi na masikio yanisikilize. Chanzo chake ni hiki.

Mnajua kwamba nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo hapa Usanja kwa miaka ishirini na sita. Niliita majina mlangoni, niliapisha mashahidi, niliandika rejista kwa mwandiko ambao wakaguzi wa mkoa waliusifu. Sijisifu, rejista zipo na anayetaka akazione. Nimesikia watu wengi wakiapa humo ndani, na wengi wao walisema uongo wakiwa bado wameinua mkono. Kwa hiyo nikiwaambia kwamba Bi Kalunde alinishangaza, jueni si mtu wa kushangaa ovyo anayewaambia.

Bi Kalunde alikuwa mpishi wa shule ya msingi. Alipika uji na makande kwa miaka thelathini, na nusu ya watu wazima wa mji huu wamekula kwa mwiko wake. Alikuwa mjane. Alipanga vyumba viwili nyuma ya stesheni, katika nyumba ya Mzee Shitobelo, na alikaa humo miaka kumi na minane. Alipostaafu akapata kiinua mgongo, Mzee Shitobelo akamwambia kwamba anaiuza nyumba ile na kwamba yeye mpangaji atapewa nafasi ya kwanza. Wakapatana bei. Bi Kalunde akatoa sehemu kubwa palepale, ikabaki laki tano, nayo ilitakiwa ifike kabla ya mwezi wa nane kwisha. Asipotimiza angerudishiwa fedha zake, nyumba auziwe mtu mwingine, na kwa bei zilivyokuwa zikipanda asingepata nyingine ya kununua. Lakini hakuwa na wasiwasi, kwa kuwa laki sita alikuwa nazo ndani ya sanduku.

Hapo ndipo alipoingia fundi Mgalula.

Fundi Mgalula alikuwa seremala, na niseme haki yake kwanza: hapakuwa na mkono kama wake kutoka hapa mpaka Tabora mjini. Mlango wake ukiufunga, hewa haipiti. Kosa lake lilikuwa moja, kazi yake ikiguswa haambiliki. Mteja akiulizia kupunguziwa bei, alimwonyesha njia ya kwenda kununua mlango wa mbao za misonobari. Mwalimu mmoja aliwahi kugonga meza yake kwa kidole na kusema inaonekana nyepesi, naye akaibeba ile meza akairudisha karakanani, na fedha ya mwalimu akamrudishia njiani mbele ya watu.

Mwezi wa pili wa mwaka huo Mgalula alitaka kununua mashine ya kuranda mbao, akapungukiwa. Akamwendea Bi Kalunde, jirani yake. "Mama, nikopeshe laki sita. Mwezi wa saba hautaisha sijakurudishia." Bi Kalunde alijua fedha ile ina kazi mwezi wa nane, na mwezi wa saba hutangulia. Akakubali. Wakaenda kwa balozi wao wa nyumba kumi, wakachana karatasi ya daftari, balozi akaandika maneno mawili matatu, Mgalula akatia sahihi na balozi akatia yake kuwa shahidi. Shahidi mmoja tu. Mwezi wa sita balozi yule akafariki dunia, Mungu amrehemu.

Mashine ilifanya kazi wiki tisa. Umeme wetu mnaujua, siku moja ukarudi kwa nguvu na mota ikaungua. Kabla ya hapo Mgalula alikuwa amekwisha rudisha laki moja taslimu, na baada ya hapo, fedha zilipokauka, alimtengenezea Bi Kalunde mlango wa mbele wa mninga kuwa sehemu ya malipo. Aliubeba mwenyewe begani, akautia bawaba na kuufungafunga mara kumi ili mama ausikie. Kisha akaacha kuja. Mwezi wa nane ulipoingia, Bi Kalunde akamfuata karakanani akakuta wateja wamejaa, akamwuliza kwa upole, "Mwanangu, lile deni letu vipi?" Mgalula akatazama wateja, akasema, "Deni gani, mama?"

Mimi siamini kwamba alizaliwa mwizi. Uongo ule wa kwanza aliusema kwa aibu, mbele ya watu, na baada ya hapo ikambidi aulee. Lakini uongo ukilelewa hunenepa, na wiki mbili baadaye alikuwa akiapa barabarani kwamba hajawahi kushika hata shilingi ya Bi Kalunde.

Mzee Shitobelo naye alikwisha pata mnunuzi mwingine, mfanyabiashara wa tumbaku mwenye fedha zote mkononi. Alimwambia Bi Kalunde wazi kwamba atangoja mpaka kesi iamuliwe, kwa heshima ya miaka kumi na minane, na baada ya hapo hangoji siku moja. Kwa hiyo alipofika mezani kwangu kufungua madai, yule mama alikuwa anapigania pa kulala.

Alikuja na mdogo wake, Mlekwa, aliyekuwa mweka hazina wa chama cha wakulima wa tumbaku. Mlekwa alijua karatasi, na alijua kwamba anajua. Nikachukua kalamu, nikauliza, "Kiasi kinachodaiwa?"

"Laki sita," akasema Mlekwa.

"Laki nne na elfu arobaini," akasema Bi Kalunde.

Kalamu yangu ikabaki juu. Mlekwa akamgeukia dada yake. "Dada, tulizungumza nini nyumbani?"

"Wewe ulizungumza. Mimi nilikuwa nakusikiliza. Laki moja alinipa mkononi. Mlango nimeukadiria elfu sitini. Toa hizo, zinabaki laki nne na arobaini."

"Lakini yeye amekana yote! Mtu aliyekana kukopa hawezi kusimama kusema alilipa. Ukidai laki sita hana mdomo wa kukupinga. Unalipa nyumba, na inabaki laki ya kununulia mabati. Ukidai hii yako, hata ukishinda, nyumba huipati. Unapungukiwa elfu sitini, dada!"

"Najua hesabu, Mlekwa. Nimepimia watoto mia nne uji kila siku."

"Basi?"

"Basi ile laki moja nilinunulia unga, na mlango ninaufunga kila jioni. Niende nikaape kwamba sikupokea? Andika, karani."

Nikajaribu kumsaidia, au niliona ninamsaidia. Nikamwambia kwamba kesi ya madai haina huruma. Anayedai ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha, na ushahidi wake lazima uwe mzito kuliko wa mwenzake. Yeye ana karatasi moja yenye shahidi aliyekufa. Akianza kuongeza habari za mlango na malipo ambayo hakuna aliyeyaona, atampa mwenzake pa kushika. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, akasema, "Nimekuelewa, mwanangu. Andika laki nne na elfu arobaini." Nikaandika. Nakiri mbele yenu kwamba nilimwona mjinga, na jioni nilimsimulia mume wangu nikitikisa kichwa.

Jumatano ya kesi chumba kilijaa mpaka madirishani. Hakimu wetu wa wakati ule alikuwa mtu mkimya mwenye miwani, aliyeandika kila neno kwa mkono wake. Kulia kwake na kushoto walikaa washauri wawili wa mahakama, na mmojawapo alikuwa Mzee Kapalata, aliyefanya kazi ya kupokea treni kwa bendera mpaka akastaafu. Mzee Shitobelo alikaa benchi la nyuma ili asikie mwenyewe. Yule mnunuzi wa tumbaku alisimama nje kwenye baraza akivuta sigara.

Bi Kalunde akaapa, akaeleza habari ya mkopo kama nilivyowaeleza nyinyi, bila kuongeza chumvi. Akatoa karatasi. Hakimu akaisoma, akampa Mgalula.

"Hii sahihi ni yako?"

"Si yangu, Mheshimiwa. Mtu yeyote anaweza kuandika jina langu. Na huyo anayeitwa shahidi yuko kaburini. Marehemu haulizwi."

Watu wakanong'ona. Neno lilikuwa baya, lakini lilikuwa zito. Hakimu akatazama sahihi ile na sahihi ya Mgalula kwenye hati ya kuitwa shaurini, akaziona zinafanana na hazifanani, maana fundi alitia sahihi kila mara kwa haraka yake. Mdomo wa mmoja ulisimama mbele ya mdomo wa mwingine. Mimi niliyezoea nikajua mzani umesimama katikati, na mzani ukisimama katikati anayeanguka ni mdai. Nikamtazama Bi Kalunde na moyo ukaniuma, nikiwaza masanduku yake yakitolewa nje.

Hakimu akamwuliza, "Una jambo jingine, mama?"

"Ninalo, Mheshimiwa. Nimeona nikisema nilichokopesha tu nitakuwa nimesema nusu. Fundi huyu alikwisha nirudishia laki moja taslimu. Tena alinipa mlango wa mninga, nao niliuhesabu kwenye deni. Nimeukadiria elfu sitini. Naomba mahakama iandike hivyo, nisije nikapewa kisicho changu."

Mlekwa akafunika uso kwa viganja. Mgalula akapata nguvu, na uso wake ukafunguka kama mtu aliyeonyeshwa upenyo wa kutokea. Hakimu akampa nafasi ya kumwuliza mdai maswali, naye fundi akasimama akiwa amekunjua kifua.

"Mheshimiwa, sasa mnaona. Huyu mama anachanganya mambo. Mlango ule alikuja karakanani akaununua kama mteja mwingine yeyote. Hakuna deni hapo."

"Aliununua," akasema hakimu akiandika. "Kwa fedha taslimu?"

"Taslimu, Mheshimiwa."

"Elfu sitini?"

Niliona shingo ya Mgalula ikivimba. Angejibu ndiyo, neno moja tu, huenda leo tusingekuwa na methali.

"Elfu sitini?" akasema. "Mlango ule? Mheshimiwa, ule ni mninga wa moyo wa mti, mbao nimezikausha miezi minane! Fremu yake haina msumari hata mmoja! Elfu sitini ni mlango wa choo!"

"Kwa hiyo si elfu sitini."

"Hata kidogo! Huyu mama anajua! Siku nilipoupeleka nilimwambia palepale mlangoni, mama, huu usiuhesabu chini ya laki, upunguze laki nzima!"

Hakimu akaacha kuandika. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Apunguze laki nzima kwenye nini, Bwana Mgalula?"

Watu waliokuwa madirishani waliacha hata kusukumana. Mgalula alimtazama Bi Kalunde, na yule mama hakumtazama kwa ushindi. Alimtazama kama anavyomtazama mtoto aliyemwaga uji. Nadhani ndicho kilichomvunja, maana uji wake alikuwa ameunywa miaka saba. Akakaa chini, akasema kwa sauti ndogo, "Kwenye deni, Mheshimiwa. Sahihi ni yangu."

Hakimu akaandika kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia Bi Kalunde na kumwuliza jambo ambalo liliniudhi kwa kuwa nilijua linaelekea wapi. Akamwuliza kama walipatana bei ya mlango.

"Hatukupatana, Mheshimiwa. Ni kweli yeye alisema laki. Mimi nilicheka, nikadhani anajigamba kama kawaida yake, nikaukadiria mwenyewe. Lakini mimi ni mpishi, na yeye ndiye fundi. Na mlango ni mzuri kweli, usiku wa mvua silisikii tone. Kama anasema laki, iandikwe laki."

"Unafahamu kwamba unajipunguzia elfu arobaini nyingine?"

"Nafahamu."

Mlekwa alitoka nje. Mimi nilibaki kwa sababu nilikuwa kazini, lakini macho yangu hayakuona vizuri rejista kwa dakika kadhaa. Siwafichi, nililia. Mwanamke yule alikuwa na haja ya laki tano, ameshinda kesi, na bado alikuwa anatoa. Nilijiona mdogo na kalamu yangu nzuri.

Hakimu akawaomba washauri maoni yao, kama utaratibu ulivyotaka. Wa kwanza akasema anakubaliana na mdai. Mzee Kapalata akakohoa. Alikuwa mtu wa maneno machache, kazi ya bendera haihitaji maneno.

"Mheshimiwa," akasema, "mtu anayetunga deni hatungi na malipo yake. Mwongo angeanza na anachotaka. Huyu mama, kabla ya kuomba apewe chochote, ametaja alichopata. Angeficha laki moja na mlango, sisi hapa tungebaki na karatasi na marehemu, na mlango ule usingetajwa kabisa. Mimi naona hivi: mdai wa kweli huanza na alichopokea. Sina zaidi."

Hakimu akayaandika maneno hayo katika hukumu kama yalivyo, nami nikayanakili kwenye rejista. Mgalula akaamriwa kulipa laki nne katika siku thelathini. Alizilipa siku ya ishirini na nne, baada ya kuiuza mashine yake kwa bei ya chuma chakavu, na tangu siku hiyo akarudia randa ya mkono. Milango yake haikupungua uzuri.

Lakini siku ile ya hukumu watu walipotoka nje wakimpongeza Bi Kalunde, mimi sikuwa na furaha, kwa kuwa nilijua hesabu. Laki nne si laki tano. Mnunuzi wa tumbaku alikuwa bado yuko barazani, fedha ziko kwenye mfuko wa koti. Mzee Shitobelo akatoka taratibu kwa fimbo yake, akasimama mbele ya mpangaji wake.

"Bi Kalunde, umeshinda."

"Nimeshinda, mzee wangu."

"Na umepungukiwa."

"Laki moja. Sina pa kuipata. Ahadi ni ahadi, na wewe umeshangoja vya kutosha. Nitaanza kufunga vyombo."

Mzee akamwita yule mnunuzi. "Bwana, fedha zako ni nzuri, zimekamilika, na sina ubaya nawe. Lakini leo nimemwona mtu akijipunguzia mara mbili ndani ya saa moja, wakati hapakuwa na wa kumlazimisha. Nimekopesha watu wenye wadhamini, wenye hati, wenye ng'ombe, na nikadhulumiwa. Huyu nitamkopesha bila kitu." Akamgeukia Bi Kalunde. "Nyumba ni yako kuanzia leo. Laki nne utaniletea fundi akilipa, na hiyo laki utanipa kidogo kidogo. Sihitaji karatasi."

Bi Kalunde alikuwa akilia waziwazi, machozi yanafika kidevuni, lakini akatikisa kichwa. "Karatasi iandikwe, mzee wangu. Na mashahidi wawe wawili, tena mmoja awe kijana kijana."

Watu walicheka mpaka hakimu akachungulia dirishani. Niliandika mimi, kwa mwandiko wangu bora, na kijana aliyetia sahihi ya pili ni huyu baba yenu mkubwa mnayemwona akipita na baiskeli.

Bi Kalunde akawa anauza maandazi stesheni, akipeleka kidogo kila mwezi. Kuna miezi miwili aliugua, hakupeleka kitu. Mji mzima ukangoja kuona Mzee Shitobelo atafanya nini, maana maneno ya barazani ni mepesi. Mwezi uliofuata mzee akashika fimbo, akaenda kwa Bi Kalunde. Mimi nilikuwa humo ndani nikimjulia hali mgonjwa. Alikaribishwa, akakaa. Haki ya kusema "Zimebaki elfu thelathini" alikuwa nayo, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alivua kofia, akaiweka gotini, akasema:

"Bi Kalunde, elfu sabini nimepokea."

Tangu siku hiyo hapa Usanja hakuna mtu mwenye heshima anayekwenda kudai kwa namna nyingine. Mdai wa kweli huanza na alichopokea.